Ploti ya bei nusu kando ya Mto Nairobi: chama chetu kiinunue?

*"Nililelewa Mathare, chini kabisa karibu na maji, na mama yangu bado anaishi huko. Sasa niko kwenye chama cha akina mama na tumeonyeshwa ploti ya futi hamsini kwa mia huko Njiru, bei yake nusu ya zile zilizo juu karibu na barabara. Mto Nairobi unapita nyuma yake. Broka anasema hati ni safi. Mwezi wa pili alipima kwa hatua mbele yetu, akasema kutoka majini hadi bikoni ya nyuma, ile alama ya mpaka, ni mita thelathini kama sheria inavyotaka, na kwamba kwa miaka kumi hakuna aliyeona maji yakipanda. Wenzangu wanasema mafuriko ya Mathare yanaletwa na takataka na watu kujenga ovyo, huku ni tofauti. Mwenyekiti anataka tuinue ukuta wa mawe upande wa mto mambo yaishe. Mimi usingizi umenipotea. Kwa nini watu wa Nairobi wamekaa mabondeni tangu zamani kama ni hatari? Na huo ukuta utatufaa?"*

Dada, wasiwasi wako una msingi, na ningefurahi kama wenzako wote wa chama wangelisoma jibu hili kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia ploti. Umeuliza mambo mawili: kwa nini watu walikaa mabondeni, na kama ninyi mnaweza kukaa bondeni salama. Yameshikana. Ukielewa mto ulivyoliumba bonde, na jiji lilivyowasukuma watu humo, utajua la kumwambia mwenyekiti.

Nairobi imelala kwenye mteremko. Mpaka wake wa magharibi unakaribia mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ule wa mashariki, kule Ruai, uko karibu na mita 1,500. Mito yote ya jiji inafuata mteremko huo. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita Dagoretti, Chiromo, Globe, Kirinyaga Road na Gikomba, unaendelea hadi Dandora na Njiru, kisha unaingia Mto Athi, ambao nao unafika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Njiani unapokea wengine. Gitathuru unaingia Mathare, na Mathare unaingia Mto Nairobi upande wa Korogocho na Dandora. Mto Ngong, unaotoka kwenye Bwawa la Nairobi ukapita Mukuru na viwandani, unajiunga nao mbele zaidi kule mashariki.

Sasa angalia ardhi yenyewe. Magharibi kuna udongo mwekundu, mzito kwa kina, uliotokana na miamba ya volkeno, nao unanywa maji vizuri. Mito imeuchimba ikaacha migongo mirefu na mabonde membamba katikati. Aliyewahi kutembea kwa miguu kutoka Lavington hadi Kileleshwa anajua anavyoshuka na kupanda. Lakini ukishapita Ngara kuelekea mashariki, ardhi inatandazika. Juu kuna udongo mweusi wa pamba, chini yake mwamba mgumu, na maji hayana pa kuzama haraka. Hapo mto unapoteza kasi. Unatua tope lake, unapinda huku na kule, na mvua kubwa ikija unatoka kwenye mkondo na kujitandaza pembeni.

Hapa ndipo ninapotaka mkae mfikiri. Mto wa tambarare una malalo mawili. Lipo la kila siku, hilo mliloliona mwezi wa pili, na lipo la siku za mvua kubwa, ambalo ni ile ardhi sawa, yenye udongo laini, inayovutia kuijenga kwa sababu haihitaji kusawazishwa. Usawa huo umefanywa na mto. Kila furiko lilipokuja liliacha tabaka la tope, na tope juu ya tope ndilo lililozaa ploti mnayoonyeshwa. Maji yakiifikia, yatakuwa yamefika mahali palipokuwa pao siku zote.

Umesema watu wamekaa mabondeni tangu zamani. Hapo nakusahihisha, maana kosa hili ndilo linalowafanya watu waone hatari kama desturi. Wakikuyu wa magharibi mwa Nairobi walijenga nyumba mgongoni. Bondeni walishuka kuchota maji na kulima nduma, miwa na ndizi, jioni wakapanda kwenda kulala. Wamaasai waliwaleta ng'ombe mtoni kwenye tambarare, wakanywesha, wakahama. Wote walilitumia bonde na hawakulala ndani yake. Kulala chini kando ya maji ni jambo lililokuja na jiji.

Reli ilifika hapa mwezi Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu palikuwa na maji, na palikuwa uwanja sawa wa mwisho kabla treni hazijaanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa karakana na mabehewa palikuwa pazuri. Kwa makazi palikuwa na umajimaji mbaya, na tauni ilipozuka mnamo 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto. Kilichofuata ni ugawaji wa mji kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua migongo ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaokauka haraka na hewa nzuri. Wafanyakazi Waafrika walipangiwa mashariki, mtoni kuelekea chini, kwenye udongo mweusi: Pumwani miaka ya 1920, baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Makongeni. Nyumba hizo hazikutosha hata siku moja, na asiyepata chumba alitafuta upenyo uliobaki. Upenyo uliobaki ulikuwa kingo za mito na mashimo ya mawe.

Mathare yenu ilikuwa mashimo ya mawe. Sehemu kubwa ya mawe yaliyojenga Nairobi yalichongwa kwenye mabonde kama hilo, na zile kuta za mwamba unazozikumbuka ni alama za wachongaji pamoja na kazi ya mto. Wakati wa Hali ya Hatari, baada ya 1952, makazi ya Mathare yalibomolewa kwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijificha humo, na msako mkubwa wa Aprili 1954 ukawaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu mjini. Baada ya uhuru watu walirudi. Kutoka Mathare mtu angeweza kutembea kwa miguu hadi Eastleigh, Pangani au Muthaiga kutafuta kibarua, asilipe nauli, na kodi akaimudu. Kwa hiyo mwenzako akisema watu wa Mathare walijenga ovyo, mwambie walijenga pale tu jiji lilipowaachia, na hawakupumbazwa na mtu. Mama yako anaujua mto kuliko broka. Muulize maji yalifika wapi na yalichukua muda gani kufika. Jibu lake lina thamani kuliko karatasi nyingi mtakazoonyeshwa.

Nije kwenye takataka. Ni kweli zinaziba makalvati na kuinua sakafu ya mto, na zikizolewa nafuu huonekana. Lakini chanzo kikuu kiko juu, kwenye mapaa na lami. Chukua ploti moja ya hamsini kwa mia, takriban mita za mraba 465. Mvua ya milimita 50, ambayo Nairobi huipata kwa siku moja msimu wa masika, huimwagia zaidi ya lita 23,000. Penye majani na udongo mwekundu, sehemu kubwa ya maji hayo huzama, mengine yakatoka polepole siku zinazofuata. Ukiezeka na kumwaga saruji kote, karibu yote yanakimbilia mtaro kwa dakika chache: matangi mawili ya lita elfu kumi yajae na bado yabaki. Zidisha kwa kila ploti iliyojengwa kutoka Kikuyu, Kangemi, Kawangware na Kilimani katika miaka ya karibuni. Maji yaleyale ya mvua ileile sasa yanafika mtoni kwa wingi zaidi na kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kumbukumbu ya mzee aliyeishi Njiru miaka ya themanini, ingawa ni ya kweli, haitoshi kukuambia mto utafanya nini mwaka ujao. Ndiyo maana pia furiko linaweza kukufikia jioni ambayo kwako haijanyesha hata tone.

Wenzako wamesema huku ni tofauti, na ni kweli, ila si kwa namna wanayodhani. Mathare ni bonde lenye kuta, kwa hiyo maji hupanda ghafla, hupiga kwa nguvu na kushuka upesi. Njiru ni tambarare. Hapo hupanda polepole kidogo, yakaenea mbali na kukaa muda mrefu, na udongo mweusi ukilowa huvimba ukavunja msingi ambao maji hayakuugusa kwa nguvu yoyote. Tena ninyi mtakuwa chini ya makutano. Kile Mathare inachokipeleka, mtakipokea.

Kuhusu miaka kumi ya utulivu. Tuseme lipo furiko kubwa ambalo kila mwaka lina nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Nafasi ya kupita miaka kumi bila kuliona ni kama asilimia 90, kwa hiyo utulivu huo hauthibitishi kitu. Lakini nyumba mnayowajengea watoto mnataka ikae angalau miaka 30, na katika miaka 30 nafasi ya kulipata hilo furiko walau mara moja ni zaidi ya robo. Isitoshe, miaka kumi ya broka ina mafuriko ya Aprili na Mei 2024 ndani yake. Nendeni ng'ambo ya mto, kwa watu ambao hawana ploti ya kuuza, muwaulize usiku ule walilala wapi.

Sasa zile mita thelathini. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kulima au kujenga ndani ya upana kamili wa mto, kwa uchache mita 6 na kwa wingi mita 30 kila upande, na zikataka kipimo kitokane na kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Broka wenu alianzia majini, tena wakati wa kiangazi. Kipimo chake kimeanza mahali pasipostahili. Na jueni kwamba futi mia moja ni mita 30 na kitu. Kama alama ya furiko iko kwenye bikoni ya nyuma, basi mita thelathini zitaimeza ploti yenu yote mpaka barabarani, nanyi mtakuwa mmenunua hifadhi ya mto.

Hata kipimo kikiwa sahihi, mita thelathini ni umbali wa kwenda pembeni, na maji yanapanda kwenda juu. Kileleshwa, hatua thelathini kutoka mtoni huenda zikakuweka juu ya maji kwa ghorofa mbili. Njiru, hatua hizohizo zinaweza kukuinua kwa kimo cha goti. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: sakafu yetu itakuwa juu ya alama ya maji ya 2024 kwa mita ngapi? Hili mnaweza kulipima wenyewe kwa makadirio. Tembeeni ukingoni mtafute mifuko ya nailoni na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, na mstari wa tope kwenye nguzo za daraja au kuta za jirani. Halafu fundi mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa ahamishe kimo hicho hadi kwenye ploti. Asubuhi moja inatosha. Mkikuta alama ya maji iko sawa na ardhi yenu au juu yake, mazungumzo yameisha.

Hati safi nayo isiwalaze. Katiba, kifungu cha 62, inaitaja mito kuwa ardhi ya umma. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kipande cha ardhi Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa hati ikiwa ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji wake wa kwanza ulikuwa na kasoro. Agosti 2018 majumba makubwa ya biashara Westlands na kando ya barabara ya Lang'ata yalibomolewa kwa kudaiwa kukaa kwenye hifadhi ya mto, na wenye majumba hayo walikuwa na karatasi na mawakili. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu wahame ndani ya mita thelathini za mito, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Mliwaona. Chama chenu kikibomolewa, kiasi hicho hakilipi hata mawe ya msingi. Nusu ya bei mliyopewa ndiyo gharama ya hatari yenyewe, imehamishwa tu kutoka kwa muuzaji kuja kwenu.

Kuhusu ukuta, naelewa mwenyekiti anataka kufanya jambo linaloonekana. Lakini mto ukibanwa upande mmoja, maji yaleyale yanalazimika kupita mahali pembamba zaidi, kwa hiyo yanapanda na kuongeza kasi. Mtamfurikisha jirani wa ng'ambo, naye akijenga wake, mtafurikishwa ninyi. Kasi hiyo inachimba chini ya ukuta penye udongo laini, na ukuta uliochimbwa huanguka bila onyo, mara nyingi wakati watu wameanza kuuamini. Zaidi ya hayo, maji mengi hayatapita ukutani. Yatawajia kutoka nyuma, kwenye mtaro wa barabara uliokosa pa kumwagia kwa kuwa mto umejaa, na kutoka chini, kwenye choo cha shimo na bomba la majitaka. Kuna gabioni nzuri, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zinazolinda kingo, lakini hizo hupangwa kwa urefu wa mto mzima na mhandisi wa maji, kwa kibali. Kipande cha futi hamsini hakiwezi. Na msisahau mtaa wa Huruma, Aprili 29, 2016: jengo la ghorofa sita karibu na mto liliporomoka usiku wa mvua, likaua takriban watu 50.

Mna njia gani, basi? Mngeniuliza mimi kama ningekuwa mwanachama, ningepiga kura ya kutonunua. Kwa pesa hizohizo chukueni kipande kidogo huko juu karibu na barabara, hata kama ni kwa awamu na ujenzi ukachelewa mwaka mzima. Udongo mweusi utawagharimu huko pia, kwa sababu fundi atalazimika kuuchimba hadi afike kwenye mwamba na kujaza murram, lakini gharama hiyo inajulikana na hulipwa mara moja. Wengine watapendekeza mnunue ya mtoni muifanye shamba la sukuma. Sipendi wazo hilo. Mto ukifika Njiru umeshapita Gikomba na jaa la Dandora, umebeba majitaka na metali nzito, na mboga za majani zinazonyweshwa hayo maji zinaishia sahanini mwa mtoto wa mtu. Pia ukulima ndani ya hifadhi umekatazwa sawasawa na ujenzi.

Kama wengi bado wanaitaka, msiendelee kwa maneno yangu wala ya broka. Mengi hapa yanahitaji mtu wa kufika uwanjani. Mchukueni sorveya mwenye leseni, mliyemlipa ninyi, atafute bikoni kwa ramani ya usajili na kuthibitisha kwamba ploti mliyokanyaga ndiyo iliyo kwenye hati. Fanyeni sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za umiliki, kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, kisha wakili afuatilie ardhi hiyo tangu ugawaji wa kwanza, asiishie kwa jina la muuzaji wa leo. Andikeni barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji muombe maofisa waje waweke alama za hifadhi kwenye ploti hiyo hasa, na majibu yawe ya maandishi. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, au akisema kuna mteja mwingine anayekuja kesho na pesa mkononi, mwacheni auze. Na kama wote wamekubali, mhandisi apime kina cha udongo mweusi kabla mchoro haujachorwa. Nendeni pia wakati wa masika, mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Ploti iliyoonyeshwa Februari ni nusu ya ploti.

Kuhusu mama. Huenda hataki kuhama, maana majirani, kanisa na wateja wake wako hapo, na simlaumu. Mnachoweza kufanya wiki hii ni kumtafutia chumba hukohuko Mathare lakini juu ya mteremko. Kodi itapanda kidogo, mkigawana watoto wote itawezekana. Mpaka atakapohama, kitambulisho, dawa na karatasi zake zikae kwenye mfuko mmoja wa nailoni karibu na mlango, na simu yake ijazwe chaji kila jioni kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Kama mna ndugu anayeishi upande wa juu wa Mto Mathare au Gitathuru, apige simu kila mvua kubwa inaponyesha huko, kwa kuwa maji yatamfikia mama baadaye. Maji yanayotembea yakifika magotini humwangusha mtu mzima, kwa hiyo aondoke yakiwa bado mlangoni, aache godoro. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Na mkiona ukuta wa nyumba yake una ufa mpya, au mlango umeanza kukwama baada ya mvua, msisubiri msimu uishe: aondoke siku hiyohiyo, na mhandisi wa majengo aje alione jengo kabla yeyote hajarudi kulala ndani.